Muo wa Bonde la Nsyeto

Sogeeni karibu, wakubwa na wadogo, na kila mmoja aje na hukumu yake, kwa maana hadithi hii naweza kuisimulia lakini sijaweza kuimaliza. Atakayeona aibu katikati ya njia asiiname peke yake. Iliyomo humu inatosha kugawana.

Palikuwa na bonde katika nyanda za juu za kusini, mahali ambapo ukungu huamka kabla ya watu na baridi hupenya hadi ndani ya jino. Jina lake Nsyeto. Halikuwa bonde la msitu. Lilikuwa bonde la nyasi, na katikati yake palilala ardhi nyeusi yenye majimaji, ambayo ukiikanyaga hupumua. Hapo, mvua zikishakolea, liliota ua la mwituni ambalo wasomi huliita okidi na watu wa Nsyeto huliita chikanda. Lina majani mawili mapana yaliyolala chini kama masikio ya ng'ombe, bua moja lililonyooka, na kileleni shada la maua madogo yenye rangi ya ndani ya pera.

Chini ya kila bua mna viazi viwili vilivyoshikana kama pacha. Kimoja ni cheusi na kimekunjamana. Hicho ndicho kilicholilea ua la mwaka huu, nacho huitwa kizee. Cha pili ni cheupe na kigumu. Hicho kimebeba ua la mwaka ujao, nacho huitwa kichanga. Vyote viwili huliwa; vikitwangwa na kupikwa pamoja na karanga, hutoa chakula kizito kinachokatwa kwa kisu kama mkate. Lakini sheria ya Nsyeto ilikuwa fupi, na hata mtoto aliijua: chimba kizee, rudisha kichanga, ziba shimo kwa kisigino. Shimo lililozibwa kwa kisigino lilikuwa ushahidi kwamba aliyechimba ni mtu wa heshima.

Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Bibi Tusekile, mjane, na alama ya ulinzi wake ilikuwa muo, yaani mti mgumu uliochongwa ncha kwa ajili ya kuchimbia, ambao ulikuwa umepita katika mikono ya walinzi wengi kabla yake. Kila mwaka, maua yakishaanguka, aliusimika mlangoni pa bonde asubuhi, kabla jua halijafika kwenye kivuko cha kijito cha hapo, na ndipo wenye vikapu walipoingia. Mwaka ambao hakuna atakayeusimika kabla ya hapo, desturi ilisema, bonde halina mwenyewe. Na lisilo na mwenyewe huchimbwa na yeyote mwenye jembe, kizee na kichanga, bila kuulizwa.

Sasa wajueni watu watatu wa nyumba yake.

Ambokile, mwanawe wa kwanza, alijaliwa macho. Akisimama juu ya kilima aliweza kulitofautisha jani la chikanda na majani mengine yote, kama mama anavyokitambua kikohozi cha mwanawe katikati ya watoto wa jirani.

Subilaga, binti yake, alijaliwa mikono. Aliutia mkono udongoni huku akizungumza na kutazama kwingine, akakuambia kizee kiko wapi na kichanga kiko wapi, na akakitoa kimojawapo bila mwenzake kujua kwamba ameachwa.

Lwitiko, mume wa Subilaga, alijaliwa ulimi. Watu walimkubalia jambo kabla hajalitaja. Mahali pamoja tu ulimi huo ulikuwa haufanyi kazi, napo ni mbele ya Bibi Tusekile, kwa sababu kwao mkwe hasemezani na mama mkwe wake. Akifika alisimama nyuma ya nyumba na kukohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichokuwa salamu.

Nyumba ya Bibi Tusekile ilikuwa ya nyasi, na nyasi zilikuwa zimeoza. Mvua ilipomkuta kitandani aliamka, akahamisha kitanda. Ilipomfuata, akahama tena. Siku moja wanawe walikaa jikoni kwa Subilaga wakiizungumza hali hiyo.

"Ng'ambo ya mpaka wananunua chikanda," Lwitiko alisema. "Lakini wanataka kiazi cheupe. Cheusi wanakitupa mbele ya macho yako."

"Kichanga?" Subilaga akaacha kupepeta, akamgeukia mumewe. "Baba Lugano, unasikia unachokisema?"

"Nasikia. Sheria inataka nini? Urudishe kimoja. Utarudisha kimoja. Inataka uzibe shimo. Utaliziba. Nionyeshe palipovunjwa sheria."

Ambokile alicheka. "Shemeji, wewe ungemwomba chura mkia, naye angekwenda kuutafuta."

"Mama yako analala chini ya mfereji, kaka. Tuendelee kucheka?"

Hakuna aliyecheka tena.

Basi macho ya Ambokile yakatangulia. Alipita bondeni akichomeka vijiti penye kila bua, hata pale ambapo nyasi zilikuwa zimelifunika kabisa, na hakusaza.

Mikono ya Subilaga ikafuata vijiti. Alitoa kichanga, akarudisha kizee, akaziba shimo kwa kisigino. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kimepinda tangu alipokanyaga kaa la moto utotoni, kwa hiyo alikanyaga mara ya pili ili shimo likae sawa. Lilikuwa shimo la mtu wa heshima kwa kila aliyelitazama.

Ulimi wa Lwitiko ukamalizia. Aliwasemesha wanunuzi hadi wakaja wenyewe na gari lao hadi njia panda, na aliwasemesha majirani waliouliza kilichomo maguniani hadi wakaenda zao wakidhani ni viazi mviringo.

Mabati yakaja. Bibi Tusekile aliyatazama yakipigiliwa, akauliza yametoka wapi.

"Ni biashara za mkweo, mama," Ambokile alijibu.

Nyuma ya nyumba Lwitiko alikohoa. Naye, kwa kuwa ni mkwe, hakuulizwa zaidi.

Jioni zile Bibi Tusekile aliendelea kupita bondeni kama kawaida yake, bila viatu, akipapasa mashimo kwa wayo. Yote yalikuwa yamezibwa. Akawaambia watu kwamba mwaka huo wamechimba vizuri.

Mvua zilizofuata zilishuka kwa wakati wake. Nyasi zikaota hadi kiunoni. Watu walingoja rangi ile ya pera, wakangoja tena, wakasema labda imechelewa. Kisha wakaacha kusema. Kizee hakizai. Chini ya ardhi ya Nsyeto vilikuwa vimelala vizee vitupu, vimezikwa kwa adabu zote.

Mkutano uliitishwa. Mzee Mwasomola, aliyekuwa mkubwa wa mji, aliuliza kama kuna mwenye neno. Akasimama Gwamaka, mkulima, mtu ambaye mzaha wake ulikuwa na ncha.

"Mimi sina neno," alisema. "Nina macho tu. Macho haya yaliliona bonde likiwa zima mikononi mwa mlinzi wake. Mwaka huohuo macho haya yakaona mabati mapya juu ya nyumba ya mlinzi. Simtaji mtu. Natazama juu tu, kama mtu anayetazama mvua."

Watu walicheka. Bibi Tusekile hakujibu. Wanawe walikuwapo. Ambokile alitazama chini, asiyaone hata majani yaliyokuwa mbele ya miguu yake. Subilaga alificha mikono ndani ya kanga. Lwitiko, ambaye neno lake moja lingeugeuza mkutano, alikohoa.

Tangu siku hiyo Bibi Tusekile aliupachika muo darini na akawa anateka maji kwa njia ya nyuma, ile ya miiba, ili asikutane na watu. Mahali penye majimaji, pasipokuwa na faida tena, mji uliwagawia Gwamaka na wenzake. Wakachimba mfereji, wakayatoa maji, wakapanda viazi mviringo. Na kila iliponyesha, mabati ya Bibi Tusekile yalipiga kelele hadi mwisho wa mji. Wanawe, kila mmoja nyumbani kwake, waliisikia sauti hiyo. Hawakuwahi kuizungumza.

Aibu ina njia zake. Wengine huwatoa kijijini. Hawa watatu iliwarudisha bondeni, kila mmoja kwa mlango wake.

Ambokile alianza kuzunguka nyanda za juu, mvua baada ya mvua, akitafuta bua moja lililosalia duniani. Macho yale yaliyokuwa hayasazi sasa yalilaani kazi yao yenyewe, kwa maana kila bonde alilofika lilikuwa limepitiwa na watu wenye vijiti kama vyake. Mwisho aliliona, kwenye kibaraza cha mwamba juu ya poromoko la maji, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri kwanza. Hakuling'oa. Alilifunga shada kwa kitambaa, akakaa nalo hadi vifuko vya mbegu vikauke na kupasuka, kwa sababu mbegu ya chikanda ni vumbi, laini kuliko unga wa muhogo, na upepo ukiitangulia haipatikani. Akarudi na vumbi hilo kifuani.

Subilaga alilipokea vumbi akalipanda bustanini kwake, katika samadi nzuri. Halikuota. Alipanda tena, halikuota. Ndipo akamwomba kaka yake ampeleke kwenye mwamba ule, akautia mkono katika udongo wa kibarazani na kuuacha humo muda mrefu. Vidole vyake vikakuta nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko za buibui, zimetambaa kila upande na kuishika mizizi ya lile ua kama yaya anavyoshika mtoto. Akaelewa kwamba mbegu ile haina chakula chake yenyewe. Hulishwa na nyuzi hizo, na pasipo nazo hufa kabla ya kuzaliwa. Akateka udongo ule kidogo kidogo, asikijeruhi kibaraza, akaubeba kichwani katika kikapu chenye majani mabichi, akishuka mwamba polepole ili nyuzi zisikatike. Alirudia safari hiyo hadi shingo yake ikawa haigeuki upande mmoja.

Lakini udongo huo ungewekwa wapi? Bonde lilikuwa kavu. Hapo ikawa zamu ya Lwitiko. Alikwenda kwa Gwamaka na wenzake kuwaomba waache mashamba yale na kuuziba mfereji, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulishindwa.

"Mkwe wa mlinzi," Gwamaka alimwambia, "maneno yako ni matamu, lakini hayajazi gunia."

Lwitiko alirudi nyumbani, akakaa. Kesho yake alikwenda tena, na safari hii hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia wachukue mteremko wake wa pareto, wote, wagawane, nao wamwachie yale majimaji. Kisha akauziba mfereji kwa mikono yake mwenyewe, bonge juu ya bonge, hadi ardhi ilipoanza kupumua. Watu waliopita walisema, "Mkwe kama huyu huombewa." Kila aliposifiwa aliinamisha kichwa, nao wakamsifu pia kwa unyenyekevu.

Mvua zikaja, zikaenda. Na mwaka mmoja Gwamaka, akimtafuta ndama wake, alisimama ghafla bondeni, akavua kofia. Mbele ya miguu yake palikuwa na majani mawili kama masikio ya ng'ombe, na bua, na ile rangi. Mbele zaidi palikuwa na jingine. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa yanatosha mtu kuyaita maua ya Nsyeto.

Mji ulikwenda kumwomba radhi Bibi Tusekile. Gwamaka alitangulia, akasema hadharani kwamba bonde halikuuzwa, lilikuwa limelala tu, na kwamba yeye alitazama juu wakati alipopaswa kutazama chini. Bibi Tusekile alimsikiliza, akamshukuru, akaomba jambo moja. Alisema miguu yake imechoka. Siku ya kufungua bonde muo ukabidhiwe yule aliyelirudisha ua.

Siku ilifika. Watu walikusanyika mlangoni pa bonde, umande ukiwa bado mzito. Wenye vikapu walisimama mbele. Nyuma yao walisimama watu wasiojulikana, wenye majembe mapya, waliokwisha kusikia ng'ambo kwamba Nsyeto imechanua. Na hao walikuwa wanalitazama jua tu. Mzee Mwasomola aliushika muo akauliza apewe nani.

"Ambokile," mmoja alisema. "Pasipo mbegu mngepanda nini?"

"Mbegu ilioza bustanini mara ngapi?" akajibiwa. "Subilaga ndiye mama yake. Muulizeni shingo yake."

"Nanyi mngeuweka udongo huo wapi, kichwani?" alisema Gwamaka. "Ningekuwa nimeshapalilia viazi hapo mliposimama. Mpeni Lwitiko."

Mzee Mwasomola akamwelekezea Ambokile muo. Ambokile akarudi nyuma. "Mpe dada yangu, mzee."

Akamwelekezea Subilaga. Subilaga akaweka mikono mgongoni. "Mpe mume wangu."

Akamwelekezea Lwitiko. Lwitiko akatikisa kichwa.

Watu walifurahi mno. "Mnaona watoto waliolelewa?" walisema. "Kila mmoja anamheshimu mwenzake. Bibi Tusekile, ulizaa."

Neno hilo ndilo lililomshinda Subilaga. Alipiga magoti kwenye majimaji.

"Msitusifu," alisema. "Mimi nilichimba bonde hili. Nilitoa vichanga, nikarudisha vizee, nikaziba mashimo ili mama yangu asijue."

"Nami ndiye niliyemwonyesha," alisema Ambokile. "Hakukuwa na bua nisilolichomekea kijiti."

Lwitiko alichelewa. Mama mkwe wake alikuwa amesimama palepale, na tangu aoe hakuwahi kutamka neno mbele yake. Akageuza uso upande wa kilima, akasema kwa sauti ndogo: "Wazo lilikuwa langu. Na mabati ni ya vichanga. Siku ile mlipomcheka mama, mimi nilikohoa."

Gwamaka alitazama chini, na wengi waliocheka naye siku ile wakatazama chini pia. Mwisho Mzee Mwasomola aliugeuza muo, akamnyoshea Bibi Tusekile kwa mikono miwili.

"Basi urudi kwako, mama. Wewe ndiye uliyeonewa. Mikono yako ni safi."

Bibi Tusekile aliupokea, akautazama, kisha akauinamisha hadi chini na kuulaza kwenye umande.

"Kisigino cha mwanangu nakijua," alisema. "Nilikitia mafuta mimi, siku alipokanyaga kaa. Jioni ya kwanza tu, niliposimama juu ya shimo lile, nilijua nani alilikanyaga, na mara ngapi. Nikafukua, nikamkuta kizee amelala. Nikamfunika. Bonde lilikuwa bado limejaa, na ningalisema neno moja tu lingalipona. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuhamisha kitanda."

"Mama," alisema Subilaga.

"Niache nimalize. Mlipoanza kunitukana nikanyamaza tena, maana mngewafukuza hawa watatu, na nani angelirudisha ua? Ukimya wangu wa kwanza uliliua bonde. Ukimya wangu wa pili ulilifufua. Sasa mimi siwezi kuutenga mmoja na mwingine. Muo wauokote wengine."

Hakuna aliyeusogelea. Mwanga wa jua ulikuwa umeshuka kilimani na umegusa mawe ya juu ya kivuko. Nyuma ya vikapu, wenye majembe walianza kukunja suruali.

Hapo ndipo ninapoiachia, wasikilizaji wangu, kwa sababu wakati huo haukuwa wa kusimulia, ulikuwa wa kuamua. Wako wanaosema apewe Ambokile, maana aliyeona kila ua atajua hata moja likiibwa. Wengine humtaka Subilaga, kwa kuwa ndiye aliyefungua kinywa kwanza, nao hujibiwa kwamba ni mikono yake iliyovitoa vichanga. Wapo wa Lwitiko, aliyetoa shamba lake; tena wapo wasiotaka hata kulisikia jina lake. Na nimewasikia watu wazima wakisema ni Bibi Tusekile tu, kisha wakakumbuka mashimo yale, wakanyamaza.

Hamuwezi kusema asipewe mtu, kwa maana jua haliwangoji. Wala msiniambie apewe msafi, kwa sababu siku hiyo nawajua wote waliokuwapo mlangoni pa bonde, na waliocheka mkutanoni ni hao hao. Kumbukeni tu kwamba atakayeuokota atasimama hapo kila mwaka, mbele ya watu wanaojua yote, awaambie bila kupepesa macho: chimba kizee, rudisha kichanga.

Nanyi mmesimama penye umande, vikapu mkononi, na muo umelala mbele yenu. Mngemwambia nani auokote?